Dume Asiye na Baba

Karatasi ilitandazwa juu ya mgongo wa farasi kama kitambaa cha mezani, na Papa Casimir alikuwa akiisoma kwa sauti ya padri anayewaita watakatifu kwa majina. Kila alipofika kwenye jina aliinua kidole, akakiacha kielee hewani kidogo, ndipo akaliachia jina lianguke. Watoto wa Kampemba, mtaa wa Lubumbashi, walikuwa wameukalia ukuta wa ua kama kunguru. Donat, fundi viatu wa nyumba ya pili, alikuwa ameiacha bukari yake, ugali wa mchana, ipoe mezani. Hata farasi mwenyewe, jike aliyeitwa Shaba kwa sababu ya rangi yake, alisimama kwa adabu kama mtu anayesomewa barua ya posa.

"Sire Goliath!" Papa Casimir alinguruma. "Sire Vesuvio! Sire Sultan wa Pili! Mnasikia? Sire! Hicho ni Kifaransa safi. Hivyo ndivyo walivyoitwa wafalme wa Ufaransa na watu waliokuwa wakiwamenyea machungwa. Nimewahesabu: wafalme kumi na watano katika karatasi moja!"

"Papa, na hapa chini?" Donat aliinama, akakunja macho. "Naona neno jingine. Dam, dam, dam."

"Hao ni madamu zao. Karani alikuwa Mwingereza, wino ukamwishia kabla ya herufi ya mwisho."

"Mara kumi na tano?"

"Waingereza ni wabahili," alisema Papa Casimir, akageuza ukurasa.

Hati ile ilikuwa ya nasaba ya Imperator, farasi dume mweusi wa Bwana Clément, tajiri wa vipuri aliyekaa Golf, mtaa wa wenye nazo. Imperator aling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Jumamosi, siku mbili tu zijazo, Shaba angepelekwa kwake apandwe, na Papa Casimir alikuwa ameshachagua hata tai ya kuvaa siku hiyo.

Alikuwa mtu wa miaka sabini na mmoja, mstaafu wa reli, na katika mtaa mzima hakuna aliyejua mpaka kati ya maisha yake na hadithi zake. Yeye alisema kwamba treni ya Kamina iliwahi kurudi nyuma kilomita nne kwa sababu karani Casimir alikuwa ameisahau kofia yake. Alisema kwamba alijifunza Kilatini kwa kusoma vibandiko vya chupa za dawa. Lakini jambo moja hakulifanyia mzaha: majina ya baba zake. Alikuwa Mluba wa Kasai, na kila asubuhi, akimpiga Shaba brashi, aliimba kasala, utenzi wa sifa za ukoo: Casimir wa Mukendi, wa Kabeya, wa Tshimanga, mpaka jina la kumi na moja, ambalo lilikuwa la mtu aliyedaiwa kuvuka mto kwa kuunywa. Mtu asiyejua baba zake, alikuwa akisema, ni mtungi usio na kitako. Hata ukiujaza, hausimami.

Shaba alimpata miaka tisa iliyopita. Baada ya kustaafu, Papa Casimir alikuwa akiandika daftari la klabu moja ya farasi nyuma ya Golf, kwa mwandiko wake wenye mikia mirefu, na siku jike lile lilipoumia mguu mabwana wakaleta bunduki. "Mkimuua huyu, nani atanisahihisha makosa ya daftari?" aliwauliza. Wakacheka, wakampa yeye. Alimwongoza mpaka Kampemba siku ya Jumapili ya Matawi, na wapo wanaoapa hadi leo kwamba nusu ya parokia ilipiga magoti barabarani, ikidhani Bwana Yesu amechoka na punda. Mguu ulipona kiasi. Tangu hapo maharusi wa mtaa walipigwa picha wakiwa juu yake, na albamu nyingi za Kampemba zina bibi harusi mwenye uso wa hofu na farasi mwenye uso wa utulivu.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Papa Casimir hakulitangaza ukutani. Farasi wa Lubumbashi huja kwa malori kutoka kusini, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na hawakai. Mvua zikinyesha, visubi wakatoka kwenye majani, ugonjwa wa farasi unaingia: macho yanavimba, pumzi inakata, na siku ya tano mtu anatafuta sepetu. Kisha lori jingine linaleta wengine. Watoto wao waliozaliwa hapa hawakuwahi kuvuka mvua za pili. Shaba peke yake aliugua mara mbili na mara mbili akasimama. Papa Casimir alitaka mtoto wa tumbo hilo: farasi mmoja tu ambaye mji huu ungesema ni wake.

Kwa nini alimtaka kiasi hicho, hakumwambia mtu. Babu yake alikuja kutoka Kasai kutandika reli. Baba yake alizaliwa hapa, yeye akazaliwa hapa, wanawe wakazaliwa hapa. Na bado kila siasa ilipopata homa, walikumbushwa kwamba treni ya kwenda Kasai ipo. Mtu anaweza kukaa kwake miaka mia akiwa mgeni.

Na muda ulikuwa umekwisha. "Papa, ana miaka kumi na saba," daktari wa mifugo, Aaron, alikuwa amemwambia, akinawa mikono. "Tumbo lake ni duka linalofungwa. Joto lake la kutaka dume, hili la wiki hii, ndilo la mwisho ninaloweza kukuahidi. Chagua dume vizuri, maana hakuna kuchagua tena."

*

Mfalme wa tisa alikuwa akitangazwa kwa mara ya pili Mama Edith Mwelwa alipoingia langoni. Binti yake, Benita, alikuwa ameolewa na David, mwana wa Papa Casimir. Kwa hiyo alikuwa mkwe, na mkwe huheshimiwa hata akija na vumbi hadi magotini. Alikuwa Mbemba wa Kasumbalesa, wakala wa forodha kwa miaka ishirini na mitano. Hati za Kiingereza zilizotoka Zambia zilipita mikononi mwake kama mahindi mikononi mwa mwanamke anayepukuchua.

"Jambo yenu," alisema. "Nani amekufa? Nasikia litania."

"Hakuna aliyekufa, Mkwe. Tunaoza! Njoo uwaone wafalme."

Mama Edith aliichukua karatasi, akaisoma mistari mitatu, akafunga mdomo kwa nguvu kama mtu aliyeuma ndimu.

"Mkwe, nikwambie hapa, ama tuingie ndani?"

"Sema hapa hapa. Mimi sina siri na Kampemba."

"Haya. Sire si mfalme. Kwa Kiingereza cha mifugo, sire ni baba. Baba tu. Hata punda wa muuza makaa iko na sire."

Kisha Donat akajipiga paja. "Kumbe hata mimi nina sire!"

"Wewe," sauti ilitoka ukutani, "tumuulize kwanza mama yako."

Walicheka mpaka ukuta ukatikisika. Papa Casimir hakucheka. Aliwaona wafalme wake kumi na watano wakivuliwa mataji mmoja mmoja na kubaki farasi uchi, wenye mikia na nzi. Hata hivyo alijikaza. "Sawa, ni baba. Baba kumi na watano wanaojulikana kwa majina. Je, hilo ni dogo?"

"Si dogo," alisema Mama Edith. "Na dam ni mama. Hao umewasoma?"

"Ninaoza dume, Mkwe. Si mama yake."

Mama Edith aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalowesha kidole, akaanza kusoma karatasi kutoka chini kwenda juu.

"Unaisoma kichwa chini," alisema Papa Casimir.

"Ndiyo kazi yangu. Uongo wa hati hukaa chini, karibu na muhuri, pale ambapo macho ya mkaguzi yameshachoka. Tena mimi ni Mbemba. Kwetu mtoto ni wa tumbo. Baba ni mgeni. Tunamheshimu sana, tunampa kiti, lakini ni mgeni." Kidole kilisimama. "Karatasi ya Shaba iko wapi?"

Papa Casimir aliileta ikiwa ndani ya bati la biskuti. Miaka tisa aliitunza, na miaka tisa aliisoma upande mmoja tu.

"Mama yake Shaba ni nani?"

"Baba yake ni Brigadier, mwana wa..."

"Mkwe. Nimeuliza mama."

Papa Casimir, aliyejua hata jina la farasi wa Napoleoni, au aliyejua jina fulani na kuapa kwamba ndilo, alichungulia ndani ya bati la biskuti. Mama Edith aliziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu mgongoni mwa Shaba. "Hapa, mstari wa chini: Shaba, mama yake ni Karoo Rose. Na hapa, mstari wa chini: Imperator, mama yake ni fulani, na mama wa mama yake..." Alikisukuma kidole polepole, ili hata Donat aone. "Karoo Rose. Karoo Rose yuleyule: shamba lilelile, na mwaka wake wa kuzaliwa uleule. Shaba na mama yake Imperator walinyonya ziwa moja. Dume lako ni mtoto wa dada. Kwetu, mtoto wa dada yangu ananiita mama. Kwenu Kasai anamwitaje dada wa mama yake?"

Papa Casimir aliusugua mgongo wa Shaba. "Mama," alisema.

"Basi. Jumamosi ulikuwa unamwoza mama kwa mwanawe, na tai umeshaipiga pasi."

Donat akajifanyia ishara ya msalaba. Mmoja wa watoto aliteremka ukutani, akaenda kuwaeleza wengine, na kabla chai haijachemka mtaa mzima ulijua.

"Sasa nifanyeje?" Papa Casimir aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na kofia. "Hakuna dume mwingine mji huu asiyetoka shamba lile. Wiki hii ndiyo ya mwisho."

"Yupo Kabeji."

Watu wakacheka tena, kwa maana Kabeji alijulikana. Alikuwa dume wa Mama Edith, aliyemrithi kwa mjomba wake kutoka ng'ambo: mfupi, wa rangi ya matope, mwenye kichwa kikubwa kuliko hesabu ya mwili wake. Alipata jina hilo, yaani kabichi, siku aliyofungua turubai la lori lililokwama kwenye foleni ya mpakani, na foleni ilipotembea, siku tatu baadaye, dereva alikuta kabichi moja na farasi aliyelala.

"Yule mbuzi mrefu?" Papa Casimir alisema.

"Yule. Na karatasi yake mimi siihitaji, naijua kwa kichwa. Kabeji wa Mutinta. Mutinta wa Chanda. Chanda wa Bwalya. Bwalya wa Namukolo. Wote walizaliwa bondeni Luapula, ambako visubi ni wengi kuliko hewa. Namukolo alikufa na miaka ishirini na sita, Bwalya ishirini na nne, Mutinta bado anakula majani. Hakuna hata mmoja aliyezikwa na mvua."

"Na baba yake?"

"Hajulikani. Mwaka ule ua wa shamba ulianguka."

"Dume asiye na baba!" Papa Casimir aliinua mikono mbinguni. "Mkwe, ukoo bila baba ni mtungi usio na kitako."

"Na bila mama?" Mama Edith alisimama, akajipangusa kitenge. "Bila mama, Mkwe, mtungi haujafinyangwa." Akaingia ndani kumwona mjukuu.

*

Ijumaa asubuhi Papa Casimir alimpiga Shaba brashi kama kawaida, akaimba kasala yake kama kawaida, majina kumi na moja mpaka kwa yule mnywa mto. Alipofika mwisho hakunyamaza. Alijaribu upande wa pili.

"Casimir wa Ngalula," aliimba. Hilo lilikuwa jina la mama yake. "Ngalula wa..."

Brashi ikasimama. Bibi yake aliitwa Kaku, lakini Kaku ni neno la bibi yeyote. Jina lake hasa? Alimkumbuka harufu, moshi na mafuta ya mawese, alimkumbuka kikohozi, alikumbuka kwamba alizaa tisa na kuzika sita. Jina hakulijua. Alikuwa amewabeba mabegani wanaume kumi na mmoja ambao hakuwahi kuwaona, na mwanamke aliyemtafunia nyama kabla hajaota meno alimwacha njiani bila jina.

Kisha akamkumbuka mama yake mwenyewe, mwaka ule watu wao walipofukuzwa mjini, wakasongwa kwenye stesheni na virago vyao wakingoja treni ya Kasai. Wanaume walizungumza. Walitaja haki, walitaja babu waliotandika reli. Mama Ngalula alikaa juu ya sanduku lake wiki tatu, akila mihogo mikavu, huku kipindupindu kikichagua watu kulia na kushoto kwake. Treni ilipofika na wengine wakapanda, yeye alisimama, akajitwika sanduku, akarudi Kampemba kwa miguu, akafungua mlango wake, akaanza kufagia. Majirani waliomfukuza ndio waliomwazima maji. Alikufa kitandani mwake mwenyewe, akiwa na miaka themanini na nane.

Papa Casimir alilaza paji la uso wake ubavuni mwa Shaba. Moyo wa farasi ulikuwa ukipiga taratibu, kama mtu anayetwanga bila haraka.

*

Bwana Clément alimpokea barazani Golf, na baraza hilo lilikuwa na vigae vingi kuliko kanisa. Alipoelezwa, aliteremsha kikombe.

"Papa, sijaelewa. Watu wanatoka Likasi na Kolwezi kuniomba huyu farasi. Mimi nakupa bure, na wewe unakataa?"

"Nakataa kwa heshima, Bwana Clément. Ni mtoto wa dada yake."

"Lakini ni farasi!"

"Yeye ni farasi. Mimi si farasi. Mimi ndiye ninayeoza."

Bwana Clément alicheka mpaka akatoa leso. "Na utampeleka kwa nani? Usiniambie ni yule Kabeji wa mama wa forodha. Papa, yule hata baba hana!"

Miaka yote ya nyuma neno hilo lingemchoma. Papa Casimir alijishangaa kuona limempita kama mvua juu ya bati. "Ana mama wanne," alisema, "na mvua haijamzika hata mmoja. Wafalme wako kumi na watano, bwana, wamezikwa wapi?"

Hakungoja jibu. Alitembea mpaka langoni akiwa amenyooka, na ile tai ikiwa shingoni.

Mchana wa siku hiyohiyo Shaba alipakiwa kwenye lori tupu lililokuwa likirudi mpakani. Kuanzia hapo hadithi ina mashahidi wengi, na kila shahidi ana ya kwake, lakini wote wanakubaliana kwamba foleni ya malori ilikuwa imelala kutoka kizuizi hadi upeo wa macho, na kwamba uwanja wa Mama Edith ulikuwa kando ya foleni hiyo. Kwa hiyo arusi ilikuwa na wageni mia tatu, wote wakiwa wameketi juu ya malori.

Kabeji alitolewa. Alimwona Shaba, akapiga mlio uliofanya wabadilisha fedha wafunge mifuko yao. Alikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa kimo. Alijaribu mara moja, akabusu mkia. Alijaribu mara ya pili, akateleza kama mtu anayepanda mwembe uliolowa mvua. Shaba aligeuza kichwa, akamtazama kwa huruma.

"Mfalme anaomba ngazi!" dereva mmoja alipaza sauti.

"Mleteeni stuli!"

"Jamani, muheshimuni mukubwa, iko kazini!"

Papa Casimir alivua koti. "Kama dume ni mfupi," alisema, "ardhi ina kosa gani isiteremke?" Akachukua sepetu. Mama Edith akachukua ya pili. Madereva sita waliteremka, wakiwa wamechoka kusubiri muhuri na wakishukuru kupata kazi yenye maana, na katika nusu saa walichimba shimo la kina cha magoti. Shaba aliingizwa ndani, akasimama humo kama malkia ndani ya birika. Kabeji akarudi nyuma, akatafakari, akaja.

Honi ya kwanza ililia karibu na kizuizi. Ya pili ikaijibu. Kisha foleni yote ikalia, lori kwa lori, hadi ng'ambo ya Zambia, na watu wa kule, wasiojua sababu, wakapiga honi pia kwa ujirani mwema. Wanasema afisa mmoja, kwa furaha, aligonga muhuri kwenye hati ambayo ilikuwa haijafika. Hilo tuliache kwake.

*

Shaba alishika mimba. Miezi kumi na moja baadaye, mwishoni mwa kiangazi, saa nne ya Jumapili, watu wakiwa kwenye misa, alizaa mtoto jike mwenye miguu mirefu kuliko akili, rangi ya matope mwilini na uzi wa shaba kwenye manyoya ya shingo. Daktari Aaron alimpima, akasema ni mzima. Donat akauliza ataitwa nani.

"Ngalula."

"Papa! Jina la mama yako, unampa farasi?"

"Ndiyo. Kwa hiyo ukimwita, vua kofia."

Mvua za kwanza alilindwa na maziwa ya mama yake. Hilo daktari alilieleza wazi: mtihani ni mvua za pili, atakapokuwa peke yake. Na mvua za pili zilikuja kwa hasira, zikageuza barabara za Kampemba kuwa mito ya udongo mwekundu, na visubi wakapanda kutoka majanini kama moshi. Wiki moja klabu ilizika farasi wanne. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Imperator. Siku ile Papa Casimir alikwenda Golf, akakaa barazani na Bwana Clément bila kusimulia chochote, maana kuna siku ambazo hata mwongo hodari huheshimu ukimya.

Alhamisi Ngalula aliacha kula. Ijumaa vishimo vya juu ya macho yake vilijaa, vikavimba kama mikate. Daktari Aaron alimpa alichokuwa nacho, akafunga begi.

"Sasa ni yeye na damu yake," alisema.

Papa Casimir alileta kiti bandani. Alimfunika magunia mabichi, akamloweshea midomo, na kwa kuwa hakuwa na dawa nyingine, alimwimbia. Ngalula wa Shaba. Shaba wa Karoo Rose. Kisha upande wa dume, Mutinta, Chanda, Bwalya, Namukolo. Kisha, kwa kuwa pumzi za mtoto zilikuwa bado zinakata, akaendelea na jina ambalo binamu yake wa Mbuji-Mayi alikuwa amelitafuta kwa wazee mwaka mzima na kumpigia simu: Ngalula wa Mbombo. Kaku alikuwa akiitwa Mbombo. Mama Edith alikuja kutoka Kasumbalesa na sufuria ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, akaketi kwenye ndoo, akaitikia kila jina kana kwamba lilikuwa la kwao.

Siku ya tatu, ya nne. Majirani walipunguza sauti za redio. Hakuna aliyesema neno sepetu, na Donat, aliyekuwa na sepetu nzuri kuliko wote, aliificha chini ya kitanda.

Siku ya tano, adhuhuri, jua lilichungulia kati ya mvua mbili. Donat aliinama mlangoni kuuliza hali. Kichwa kikubwa cha rangi ya matope kiliinuka kutoka kwenye majani, kikamtazama, kikanyoosha shingo, kikamnyang'anya kofia ya majani kichwani, kikaanza kuitafuna.

"Anakula," Donat alinong'ona. Kisha akapaza sauti hadi mtaa wa Bel-Air waligeuka: "Anakula! Jamani, ananila kofia!"

Sufuria zililia. Vifuniko vililia. Wanawake walipiga vigelegele kutoka nyumba hadi nyumba, na kengele ya parokia, ambayo padri anasema ilipigwa kwa saa yake ya kawaida, ilipigwa. Mama Edith alicheza sindimba ya peke yake juu ya matope, kitenge mkononi. Ngalula alisimama kwa miguu yake minne inayotetemeka, akayatikisa magunia yakaanguka, akamaliza ukingo wa kofia. Papa Casimir alitaka kusema jambo kubwa. Alikuwa amelitunga tangu Ijumaa. Alilia tu, wazi, mbele ya Kampemba yote, na hakuna aliyemtania.

*

Mvua zilipokoma, Bwana Clément alikuja mwenyewe, na hati mbili za majike mapya chini ya kwapa. Aliketi kwenye ndoo, suruali yake nyeupe na yote. "Papa," alisema, "nifundishe kuzisoma." Papa Casimir alizipindua karatasi, akamwekea kidole kwenye mstari wa chini kabisa, na wawili hao wakaanza kupanda taratibu.

Jioni moja ya Mei, baridi ikianza, alimtoa Ngalula kwa matembezi kando ya barabara kuu. Alikuwa na umri wa kuvaa hatamu sasa, na alitembea kama mtu anayejua mahali mashimo yalipo. Lori moja lenye namba za kusini lilipunguza mwendo, na dereva, mtu mzima mwenye uso wa safari ndefu, akatoa kichwa dirishani.

"Mzee! Farasi mzuri huyo. Mmemleta kutoka wapi?"

Papa Casimir alivuta pumzi. Zilimjia hadithi tatu kwa pamoja: Arabuni, jumba la mfalme, meli iliyozama. Zote zilikuwa nzuri, na moja ilikuwa na simba. Aliziangalia, akaziacha zipite.

"Hajaletwa," alisema.

Dereva alingoja yaliyobaki. Hayakuwapo. Ngalula aliivuta kamba, kwa kuwa ng'ambo ya barabara kulikuwa na majani, na wote wawili wakavuka.